Mwali wa Maji ya Chumvi

Sehemu ya tisa: Kangaja katolewa ndani

Mfuniko ulikuwa sakafuni. Hapo ndipo nilipowaacha, na najua wapo waliolikunja gazeti wakasema mwandishi huyu ana roho mbaya. Haya, tuingie sasa, maana Getrude bado amesimama palepale kwenye chumba cha uani, mkono mmoja ukutani, akilitazama tangi la karantini lisilo na samaki.

Pampu ya hewa ilikuwa ikikoroma kama kawaida. Maji yalikuwa yanazunguka. Kangaja wa buluu, yule samaki mpya, hakuwemo.

Samaki haendi matembezini. Akitoka, katolewa. Na ufunguo wa chumba kile walikuwa nao watu wawili tu katika nyumba nzima ya wageni: Getrude mwenyewe, ambaye ndiye mtunza samaki, na Mama Huruma, mwenye nyumba.

"Mama Huruma," aliita. "Uko wapi?"

"Huku mapokezi, mwanangu. Njoo uone."

Sauti ilikuwa ya furaha, na furaha ile ndiyo iliyomtia Getrude baridi mgongoni.

Mapokezi ya nyumba ile ndiko iliko bahari pekee ya Newala: tangi la kioo linalochukua ukuta mzima, lenye mawe ya baharini na samaki wa kila rangi. Watu wanaoleta korosho kutoka Kitangari huingia kuchungulia tu, wakasahau hata walichofuata mjini. Siku hiyo Mama Huruma alikuwa amesimama mbele ya kioo kwa kitenge kipya, kilemba juu, akisubiri ugeni kutoka Masasi. Bintiye Huruma alikuwa akiposwa.

Na katikati ya mawe, akizunguka kwa mashaka, alikuwa yule kangaja.

"Mama, nani kamtoa?"

"Shikamoo yako imepotelea wapi leo?"

"Shikamoo, Mama. Nani kamtoa?"

"Marahaba. Nimemtoa mimi. Si ulisema ni mwali?"

Ni kweli alisema. Mwanzoni Getrude alihangaika sana na neno karantini. Lilikuwa likiingia sikio hili na kutokea lile, na kila mgeni alipokuja Mama Huruma alimfunulia tangi la uani amwonyeshe samaki wapya. Getrude alieleza mpaka akachoka kwamba ugonjwa wa baharini husafiri umejificha, kwamba samaki anaweza kufika msafi akameta, na baada ya Jumapili kadhaa akaota madoa meupe mithili ya chenga za chumvi, akaua tangi zima. Haikusaidia. Ndipo siku moja akasema lugha ya nyumbani: hawa wapya ni wanawali, wako ndani, wasionwe mpaka siku zao ziishe.

Tangu hapo hakuna aliyegusa mfuniko. Watu wa uwanda huu wanajua kuuheshimu mlango wa mwali.

Lakini Getrude alisahau nusu ya pili ya jambo lenyewe. Mwali huwekwa ndani ili siku moja atolewe mbele za watu.

"Wageni wa Huruma wanakuja," alisema Mama Huruma, "halafu mwali mzuri namna ile akae gizani? Mwali hutolewa siku ya ngoma, mwanangu. Hata wewe ulitolewa."

Kosa lilikuwa la mama, ila maneno yalikuwa ya Getrude mwenyewe.

Nimkumbushe aliyelinunua gazeti leo kwa mara ya kwanza kwa nini samaki mmoja anamtoa jasho mwanamke mzima. Samaki wote wa tangi lile huvuliwa na Dastani, mdogo wake Getrude, mzamiaji wa kule Msimbati. Dastani huvua mmoja mmoja kwa wavu wa mkono. Wadogo huwaacha wakue, wakubwa huwaacha wazae, na mwamba aliovua leo haurudii mpaka upumzike. Aliapa juu ya kaburi la mama yao, kule Lulindi, kwamba hatagusa sumu hata afe njaa. Kila mfuko wa samaki huufunga kwa uzi wa ukindu, fundo la mizunguko miwili mkia umefichwa ndani, kama mama yao alivyokuwa akifunga mizigo ya mikeka.

Tangu minada ya korosho ianze, simu ya Dastani haipatikani. Faruku, dereva anayeleta samaki na maji ya bahari, alisema simu ilitumbukia majini. "Mzima, dada. Anakusalimu sana." Na Getrude aliamini, kwa sababu samaki waliendelea kufika. Kwake yeye kila samaki aliyefika hai alikuwa ni salamu za mdogo wake.

Isipokuwa mifuko ya karibuni haikufungwa kwa ukindu. Ilifungwa kwa mpira. "Ukindu umemwishia," alisema Faruku, akageuka upesi kushusha mapipa.

Basi Getrude alichukua wavu amrudishe kangaja ndani kabla hajaambukiza wengine. Alipanda kigoda, akauingiza mkono majini, na hapo ndipo alipoona jambo lililomfanya auache wavu uzame.

Samaki wa zamani, wale waliokaa mle tangu tangi hilo lijengwe, walikuwa wote juu. Midomo nje ya maji, wanameza hewa. Kitatange wa njano alikuwa amelala ubavu.

Ugonjwa haukimbii namna hiyo. Ugonjwa hunyemelea. Kangaja alikuwa mle kwa muda wa kuchemsha chai tu, basi hawa walikuwa wanakufa kwa kitu kingine.

"Mama," alisema taratibu, "uliongeza maji?"

Mama Huruma aliishika ncha ya kilemba chake. "Kidogo. Tangi lilikuwa limepungua, nikaona haya kwa wakwe."

"Maji gani?"

"Ya pipa."

"Pipa lipi, Mama?"

"Lile la buluu."

Getrude alishuka kigodani. Pipa la buluu lililetwa na Faruku kwenye safari yake ya mwisho. Getrude ana desturi ya kuyapumzisha hata maji kabla hayajaingia tangini. Kwake maji nayo hukaa karantini. Alipolifunua pipa lile aliona povu asilolipenda, akaagiza maji yamwagwe mbali na kisima cha mvua.

"Nilisema yamwagwe."

"Ulisema."

"Ukaniitikia ndiyo."

"Niliitikia. Mwanangu, mimi ni mtu wa Chilangala. Nimepandisha ndoo kichwani kutoka bondeni tangu sijang'oa meno ya utoto. Mkono huu haujui kumwaga maji. Niliyafunika nyuma ya ghala nikasema yatafaa siku moja."

Mtu wa pwani akisoma hapa atacheka. Acheke. Juu huku ukimnyima mtu chakula utaitwa mchoyo, lakini ukimwaga maji watu watauliza kama umerogwa. Maji ya kuoshea vyombo hunyweshwa mbuzi, ya kufulia hupigiwa deki, na hakuna bibi hata mmoja wa uwanda huu ambaye angelimwaga pipa zima ardhini kwa sababu ya povu.

"Lete beseni," alisema Getrude. "Wote wanahamia uani. Karantini ilikuwa ya mmoja, sasa ni ya wote."

Walihamisha kwa beseni, kwa wavu, kwa mikono. Mama Huruma alikunja kitenge kipya mpaka magotini akawa anakimbia na samaki kifuani, huku analia kimyakimya. Wengine walifika tangi la uani wakaanza kupumua. Wengine hawakufika. Kangaja peke yake alijibanza chini ya mwamba, wavu ukashindwa kumfikia, na muda ulikuwa umekwisha.

Getrude alimwacha mama na beseni akaenda nyuma ya ghala.

Alilala kifudifudi juu ya mdomo wa pipa, akaingiza mkono kwenye maji yaliyobaki. Kitu laini kilimgusa vidole. Alikitoa: kifurushi cha kitambaa kilichofungwa kwa mpira, kikubwa kiasi cha ngumi ya mtoto.

Hakuhitaji kukinusa. Harufu ilimfuata.

Kila aliyelelewa chini ya mikorosho anaijua. Ni ile dawa ambayo baba alikuja nayo nguoni akitoka kupulizia, bomba mgongoni, na mama akawa anamzuia kumbeba mtoto mpaka aoge. Watu wa mjini wangesema ni harufu ya rangi, au ya mafuta. Getrude alijua ni dawa ya mikorosho, na alijua vilevile inatafuta nini baharini. Wapo wanaoifunga kitambaani wakaikamulia kwenye mashimo ya miamba. Samaki hutoka wamelewa, wanaokotwa kama mabibo. Rangi zao hubaki nzuri, hula, huogelea, na baada ya siku chache hufa bila kidonda. Mwamba wenyewe hauoti tena kitu.

Alikifungua kile kitambaa. Kilikuwa cha njano, kimechanika, na herufi zimefifia: KWAYA YA VIJANA. Penye shingo palikuwa na ushono wa uzi wa buluu.

Uzi ule aliushona yeye. Wa njano ulikuwa umekwisha, Dastani akacheka akasema kwaya nzima itamjua kwa shingo.

Getrude alikaa chini, kwenye vumbi, mgongo ukiegemea ghala. Mdogo wake aliyekula kiapo juu ya kaburi alikuwa ameichana fulana ya kanisani akafungia sumu. Angemsamehe njaa. Angemsamehe hata wizi. Hili hakujua atalisamehe vipi, na zaidi ya yote aliona aibu kwamba alikuwa akiwaita samaki wale salamu.

Kisha alinyanyuka, akajifuta vumbi, akaenda getini.

Faruku alikuwa anaosha gari lake kwa kitambaa na maji ya nusu beseni. Alimwona Getrude anavyokuja akaacha kupiga mluzi.

"Dastani ameanza lini kuvua kwa sumu?"

"Hajaanza, dada."

"Hii ni fulana ya nani?"

Faruku aliitazama. Kile kitambaa cha kuoshea kilimtoka mkononi kikaanguka ndani ya beseni.

"Pipa walilijaza wao, wakaniambia ni safi," alisema.

"Akina nani?"

"Dada Getrude, mimi nina watoto."

"Na mimi nina mdogo wangu mmoja. Sema."

Faruku alitazama getini, akatazama barabara, kisha akasema akiwa ameinama, kana kwamba anaongea na tairi.

"Dastani alikataa. Walimjia kwanza kwa maneno matamu, akakataa. Wakamjia kwa vitisho, akawaambia atakwenda kuwasemea. Siku ile alikuwa amezama na wavu wake. Fulana aliiacha juu ya mwamba. Wakaichana, wakafungia dawa, wakaikamulia palepale alipozama."

"Akiwa chini?"

"Akiwa chini."

Upepo wa ukingoni mwa uwanda ulipita ukapeperusha majani makavu ya mikorosho uani. Getrude alisikia sauti yake mwenyewe kana kwamba inatoka kwa mtu mwingine.

"Faruku. Alitoka?"

"Alitoka. Macho yamevimba, anatapika, lakini alitoka kwa miguu yake. Nilimwona wakimpakia garini. Kisha wakanigeukia mimi, wakasema niendelee kuleta samaki kama kawaida. Samaki na salamu, ili usiulize."

"Kwa hiyo salamu zote zile..."

"Nilizitunga mimi." Faruku alijipangusa uso. "Nisamehe. Kila nikifika hapa nilikuwa natamani unishike uongo."

Ona mambo yalivyo, msomaji. Dakika iliyopita Getrude alikuwa anamlilia ndugu aliyevunja kiapo. Sasa kiapo kimesimama imara, ndugu ndiye hayupo. Nakwambia kweli, alitamani angebaki na uchungu ule wa kwanza.

"Nani aliyemchukua?"

Kabla Faruku hajajibu, honi ililia barabarani. Jikoni wanawake walipiga vigelegele. Gari jeusi, refu, lenye vioo vya giza lilikuwa linapinda kuingia getini, na Mama Huruma alikuwa ameshatoka kibarazani, kitenge kimelowa, uso umefutwa machozi, mikono wazi kuwapokea wakwe.

Faruku alichuchumaa nyuma ya gari lake kwa haraka isiyo ya kawaida.

"Ni nini?" alinong'ona Getrude.

"Yule wa mbele. Mwenye koti la kijivu."

"Yule ni Mzee Yeremia. Baba yake mchumba wa Huruma."

"Yule," alisema Faruku, "ndiye aliyefunga mlango wa gari walipompakia Dastani."

Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema wahenga. Sijui wangesema nini wangekuwa na Getrude pale getini.

Alitaka kupiga kelele. Lakini angempigia nani? Mama Huruma kwa juma zima alikuwa anamsifu mzee huyu: mfanyabiashara wa Masasi, mtu wa kanisa, mtoto wake ana adabu. Na kelele ingemfikia yule mzee kabla haijamfikia mtu mwingine yeyote, na yeye peke yake ndiye aliyejua Dastani yuko wapi. Getrude alikificha kifurushi nyuma ya gurudumu la gari la Faruku, akafuta mikono kwenye khanga, akaingia ndani nyuma ya wageni.

Mzee Yeremia alikuwa amesimama mbele ya tangi kubwa, mikono nyuma. Ndani hamkuwa na kitu ila mawe, na yule kangaja aliyetoka mafichoni, anazunguka peke yake, mara juu, mara chini.

"Wengine wamepumzishwa kidogo," alisema Mama Huruma, akicheka kicheko kisicho na nguvu.

"Huyu anatosha," alisema Mzee Yeremia. "Namfahamu huyu." Kisha aligeuka bila kuonyeshwa mtu, akamtazama Getrude moja kwa moja. "Wewe ndiye mtunzaji."

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Mdogo wako anakusalimu sana."

Maneno yaleyale ya Faruku, kwa mpangilio uleule. Getrude aliinamisha kichwa, akashukuru, kwa sababu hakuwa na la kufanya.

"Mkono mtupu haulambwi," aliendelea mzee, na wageni wakacheka kwa adabu. Aliashiria, na mmoja wa wanawake waliofuatana naye akatoa kwenye kikapu mfuko wa nailoni uliojaa maji na hewa. Ndani alikuwa samaki mdogo wa mistari ya chungwa, msafi, amesimama wima majini, mapezi yote mazima. Samaki wa kuvuliwa kwa mkono. "Zawadi ya wakwe. Mfungue, binti, umtie humo ndani tumwone sote."

Humo ndani. Getrude alilitazama tangi, akamtazama mzee, na hakuweza kujua kama mzee yule anajua maji yale yana nini. Mzee alikuwa anatabasamu tu.

Aliupokea mfuko kwa mikono miwili. Ulikuwa umefungwa kwa ukindu.

Mizunguko miwili, mkia umefichwa ndani. Fundo la mama. Watu wawili tu walikuwa wamebaki duniani wanaolijua fundo lile, na mmoja alikuwa yeye. Yuko hai, alijiambia. Dastani yuko hai, na bado anavua kama alivyoapa.

"Binti," alisema Mzee Yeremia, "tunakungoja."

Alipeleka vidole kwenye fundo alifungue. Ndipo akahisi kwamba ukindu haukuwa laini. Ulikuwa umetafunwa. Alama za meno zilikuwa pande zote mbili za fundo, zimeingia mpaka kwenye nyuzi za ndani, na palipotafunwa palikuwa bado na unyevu wa mate.

Mama yao aliwachapa vidole kwa kosa hilo. Fundo hukazwa kwa mikono, alikuwa akisema. Dastani hakupata kulikaza kwa meno maisha yake yote, ila mwaka ule alipoanguka kutoka juu ya mkorosho akavunjika mkono.

Na mate hayakai na unyevu kutoka Masasi mpaka Newala, kwa jua la mwezi huu.

Getrude aliinua macho polepole. Nyuma ya bega la Mzee Yeremia mlango wa kibarazani ulikuwa wazi, na uwanja wote ulionekana mpaka getini. Wageni wote walikuwa wameshaingia ndani. Dereva wao alibaki nje, amesimama nyuma ya gari jeusi, ameubana mlango wa nyuma kwa mgongo wake, mikono kifuani.

Injini ilikuwa imezimwa, na gari lilikuwa linatikisika.